Siku moja ya mkalimani: "Mama, nikamate maji?"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, mkate, kitambulisho, na kamusi ambayo huwa hata siifungui. Natoka Barking, nabadili treni Barons Court, nashuka Hatton Cross. Nikichelewa, kesi inaahirishwa na mtu anarudi kizuizini kusubiri tarehe nyingine. Ukalimani wa Kiswahili hapa Uingereza nimeufanya miaka tisa. Majina sitaji, na mambo kadhaa nimeyabadili makusudi. Kazi hii inataka mdomo uliofungwa.

Saa tatu na nusu. Baraza la rufaa za uhamiaji liko jirani kabisa na uwanja wa Heathrow, ndege zinapita juu ya paa siku nzima. Mtu wangu wa leo analetwa na walinzi wawili. Ni wa Bukavu, Kongo, miaka thelathini na kitu. Alimpasua mtu uso kwa chupa kwenye ugomvi wa baa, akafungwa miezi 30. Kifungo amekimaliza, ila bado yuko ndani, sasa kizuizi cha wahamiaji.

"Jambo, mama."

Kwetu Tanga "jambo" tumewaachia watalii, na kwa umri wangu nilitegemea shikamoo. Nikameza. Tunazungumza kidogo kupima kama tunaelewana. Akanyoosha mkono kwenye jagi: "Mama, nikamate maji?"

Kwao kukamata ni kuchukua tu. Nikatabasamu, nikaliweka kichwani.

Saa nne. Jaji anaingia. Kwa sheria ya mwaka 2007, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi anadipotiwa, yaani anarudishwa kwao kwa nguvu, isipokuwa aangukie kwenye misamaha michache. Wakili wake ameshikilia kifungu cha 3 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu: mtu hapelekwi mahali atakapoteswa. Tangu hukumu ya kesi ya Chahal, iliyotolewa 1996 na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, ubaya wa kosa hauingii kwenye mizani hiyo. Chupa ile inaweza kumpotezea ukimbizi, lakini haihalalishi kumpeleka kwenye mateso. Nikilisema hili kwenye harusi za Watanzania hapa London, hukosi mtu wa kununa: basi wahalifu wanalindwa! Mimi najua aliyepigwa chupa ana kovu mpaka leo. Bado sioni litampungua vipi huyu akiuawa.

Saa tano na robo. Zamu ya mwakilishi wa serikali, kijana mpole mwenye faili nene. Anaanza na hukumu ya mwongozo ya 2015: Mkongo kuwa na rekodi ya jinai Uingereza, hilo peke yake halimtii hatarini akirudi. Kisha: Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, sawa, kwa nini asiishi Kinshasa?

"Kinshasa banasema Lingala. Mimi niko na Kiswahili na Mashi."

Ndipo akafungua usaili wa zamani, uliofanywa kwa mkalimani wa simu. "Hapa ulisema ulitiwa mbaroni. Hati ya mashtaka iko wapi? Leo unasema watu wa msituni walikuchukua. Tuamini lipi?"

"Balikuya busiku, bakatukamata mimi na ndugu yangu, bakatupeleka mu pori."

Koo likanikauka. Yule wa simu alilisikia neno "kukamata" kwa masikio ya pwani, akatafsiri kutiwa mbaroni. Mkalimani haruhusiwi kumtetea mtu, ila anaruhusiwa kufafanua lugha. Nikainua mkono: "Mkalimani anaomba kueleza neno moja." Nikaeleza, nikatoa mfano wa maji ya asubuhi. Jaji akaniomba nirudie, akaandika kwa muda mrefu.

Kijana naye akauliza, na alikuwa na haki: je, neno hilo laweza pia kumaanisha kukamatwa na askari? Nikajibu kwamba laweza. Yule bwana wa Bukavu hakukielewa Kiingereza changu, alikuwa ananitazama tu.

Saa saba. Mawakili wanafunga hoja, mimi namnong'oneza sikioni mpaka sauti inakwaruza.

Saa nane. Jaji anasema uamuzi utakuja kwa maandishi. Walinzi wamekwishasimama.

"Mama, batanirudisha?"

Swali si langu. Nikamgeukia wakili, nikalitafsiri lilivyo. Akasema, mwambie tusubiri. Nikamwambia.

Karani akanipa fomu, nikajaza muda wa kumaliza, 14:10, nikasaini. Wakalimani hawatumiwi nakala ya uamuzi.