Kuwasha pikipiki ya kabureta kwenye baridi ya Kabale

Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri yake inauma vidole. Saa 11 na nusu utawasikia waendesha bodaboda wakipiga kiki mfululizo huku wakinyonga mkono wa mafuta. Kunyonga huko ndiko kunakoizuia injini kuwaka.

Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na kabureta ndiyo inayovichanganya. Injini ikiwa baridi, mafuta mengi hubaki matone kwenye kuta za njia ya kuingilia, na silinda inapata hewa tele na mvuke haba. Choki inaongeza mafuta kufidia upungufu huo. Ila kwenye kabureta nyingi za pikipiki ndogo, choki ni kinjia cha pembeni kinachofunguliwa kwa pini, na mafuta yake yanavutwa na mfyonzo mkali unaopatikana tu mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Ukiufungua, mfyonzo unapungua na choki inakosa kazi. Tena kabureta hizi kwa kawaida hazina pampu ya kurusha mafuta, kwa hiyo kunyonga kabla ya kiki hakuongezi hata tone.

Anza na klachi. Injini ikiwa imezimwa, tia gia, shika klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Sahani za klachi hushikana kwa oili baridi, na usipoziachanisha gia ya kwanza itaingia kwa kishindo. Rudisha nyutro, fungua koki ya mafuta, ngoja kama nusu dakika bakuli la kabureta lijae. Vuta choki yote. Swichi ikiwa bado imezimwa, piga kiki polepole mara 2 au 3. Sasa washa swichi, usiguse mkono wa mafuta, piga kiki moja ya nguvu mpaka chini.

Ikishawaka, acha choki kama sekunde 30, irudishe nusu, na mlio ukitulia ifunge kabisa. Huku mlimani hewa ni nyembamba na mchanganyiko tayari una mafuta mengi, kwa hiyo choki ifungwe mapema kuliko Kampala. Usipige resi: oili ya 20W-50 bado ni nzito na inachelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Wala usiiache ingurume dakika 10 na choki, maana petroli ya ziada huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuijaza plagi masizi. Dakika 1 au 2 zinatosha, kisha ondoka taratibu kwa kilomita ya kwanza.

Na tafadhali, wanaolaza pikipiki ndani ya nyumba waitoe nje kabla ya kuiwasha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua waliolala.

Ukisikia harufu kali ya petroli na haiwaki, imelewa mafuta. Funga choki, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki mara 5 hadi 8. Ikikataa, toa plagi, ikaushe, na upime mwanya kati ya ncha zake. Injini nyingi ndogo hutaka milimita 0.6 hadi 0.7.

Kuna dalili moja inayopuuzwa mno: pikipiki inawaka vizuri na choki, ukiifunga inazima, hata injini ikiwa imeshapata moto. Hapo baridi haihusiki. Mara nyingi ni jeti ndogo, ile inayolisha injini mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, imezibwa na uchafu au utando wa petroli iliyolala. Kutembea na choki siku nzima kunamaliza mafuta bure. Fungua bakuli, toa jeti, ipulize kwa hewa ya kompresa mpaka uone mwanga katikati ya tundu. Usiichokonoe kwa waya: tundu likipanuka, mchanganyiko umeharibika, na hakuna skrubu itakayourekebisha, itabidi ununue jeti nyingine.