Nilivyowawekea familia katuni za zamani na sinema za vita uani kwa mzee

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nyumbani kwa mzee Korogwe kulijaa watoto, wangu watatu na wa dada watano, na kila mmoja kainamia simu, mzee mwenyewe yuko barazani na redio yake hana wa kuongea naye. Nikasema ngoja. Kuna jamaa yangu ana projekta huwa anakodishia watu kwenye mpira, nikamuomba jumamosi moja akanipa kwa elfu ishirini na masharti kibao.

Sasa niwawekee nini? Vya kulipia sikutaka, na movi za siku hizi wanaziangalia kila siku. Nikaingia tovuti ya Internet Archive, kule kuna filamu nyingi za Wamarekani ambazo hakimiliki imeshaisha, unadaunlodi bila wasiwasi. Nikachukua Superman wa katuni, zile zilizoanzishwa na studio ya Fleischer, ziko 17 tu, za 1941 hadi 1943, na nyingi ni kama dakika nane au tisa hivi ila rangi zake jamani, utadhani zimechorwa juzi. Nikaongeza Popeye wa 1937 anapambana na Ali Baba na wezi wake 40, hiyo hata mama atacheka maana hadithi za Alfu Lela anazijua kuliko mimi. Na za TV nikatafuta matangazo ya biashara ya zamani, kuna moja Fred Flintstone anavuta sigara ya Winston kabisa, katuni ya familia nzima inatangaza sigara! Sisi bara TV tumeanza kuiona 1994, Zanzibar wenzetu walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70, kwa hiyo hayo mambo yalitupita.

Hapa nitoe angalizo: angalia kila kitu mwenyewe kwanza, mpaka mwisho. Mi nilidhani katuni ni katuni. Kumbe miaka ile ya vita zilikuwa silaha pia. Kuna Superman ya 1943 inaitwa Jungle Drums, Wanazi wamejificha msituni na watu weusi wamechorwa kama mashetani wanataka kumchoma Lois Lane, yule mwandishi wa habari mpenzi wa Superman, nikajiona nawawekea wajukuu wa mzee kitu kile ukutani nikasisimka, nikafuta. Kuna ingine wamechorwa Wajapani vibaya hivyo hivyo, nayo nikatoa. Af kuna Private Snafu, hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani wenyewe, kuwafundisha wasiropoke siri na wajikinge na mbu wa malaria, zinachekesha kweli lakini ni za kikubwa, nikabaki nazo kwenye laptopu nikaangalia peke yangu usiku.

Siku yenyewe nikafunga shuka jeupe la mama kwenye kamba ya kuanikia, upepo ukaanza, Superman anaruka na shuka linaruka, ikabidi nifunge mawe kwenye ncha za chini. Picha nayo ikatoka imevutwa, watu wote vibonge, maana filamu za enzi hizo karibu ni za mraba na projekta inalazimisha zijaze upana, kama unatumia ile programu ya video ya VLC bonyeza herufi A mpaka wakae sawa. Spika ya bluetooth nayo sauti inachelewa, mtu anapigwa ngumi halafu ndo unasikia puu, nikachomeka waya yakaisha. Mbu sina la kusema, walikula.

Watoto dakika tano za kwanza walinuna, mkubwa wa dada akaniambia "anko hii ya kizamani sana", ila Popeye alipoanza kula spinachi mwanangu wa mwisho akapiga kelele "mchicha!" na ikawa ndo basi tena, kila akitokea wanaimba mchicha mchicha.

Mzee muda wote kakaa nyuma na shuka lake begani, hacheki. Akasema tu kwamba alipokuwa mdogo lilikuwa linakuja gari la sinema la serikali, mnakaa chini mnaangalia. Na huku kwetu sinema ni za zamani kuliko watu wanavyofikiri, Vugiri hapo juu milimani Wazungu walikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za Waafrika tangu 1935.

Nilikuwa nimebakiza klipu moja ya mwisho, ya Vita Kuu ya Pili kule Burma (Myanmar ya sasa), askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliofika mto Chindwin na kuuvuka Disemba 1944. Haina sauti hata kidogo. Nikataka kuomba radhi kwamba hii haiongei, nikamsikia mzee nyuma yangu, "Hao Keya hao." Keya ndo KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki.

Nikamuuliza "baba umejuaje?"

"Si kofia hiyo, imekunjwa upande. Marehemu babu yako alirudi na ya hivyo hivyo kutoka Bama, tukaichezea mpaka ikaisha."

Basi akavuta kiti mpaka mbele kabisa, kichwa chake kikawa kivuli kwenye shuka na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Akawa anawaeleza watoto, huyo kabeba bunduki ya bren, hao wanasukuma gari kwenye tope, babu yenu alisema mvua ya kule hainyeshi, inamwagwa. Halafu akaanza Funga Safari, ule wimbo wa Keya, taratibu, dada akaidaka, mama naye kutoka jikoni.

Ilipoisha akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena pale wanapopanda mashua, polepole, kuna mmoja anageuka. Tukarudia mara nne mpaka umeme ukakatika, na yeye akabaki hapo hapo mbele ya shuka gizani, ananiuliza laptopu ina chaji kiasi gani.