Nilivyomzungusha bi mkubwa mtaa wa Wachina Melaka na magoti yake yanayomsumbua

Kwa mlioko Kuala Lumpur au mnaopita huku, mkipata wikiendi nendeni Melaka mkauone mtaa wa zamani wa Wachina, na kama unaenda na mtu mzima usiogope, mi nilimpeleka bi mkubwa wangu, yaani mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Dar, kashagonga sabini na magoti yanamsumbua, na karibu vyote vya maana tuliviona.

Basi zinatoka TBS, stendi ya mabasi pale Bandar Tasik Selatan, nauli ringgit kumi na kitu, mwendo kama masaa mawili. Zinashusha Melaka Sentral, ambayo iko mbali kidogo na mji wa kale, kwa hiyo kama una mzee ita tu Grab, zile teksi za kuita kwa app ya simu. Siku ya kwenda ni Ijumaa na uondoke alfajiri, kwa sababu soko la usiku la Jonker, barabara kuu ya huo mtaa wa Wachina, lipo Ijumaa mpaka Jumapili tu, ila Ijumaa asubuhi watalii bado hawajajaa, unapata mtaa mtulivu mchana na pilikapilika zote jioni kwa safari hiyo hiyo moja. Chumba tulichukua ndani ya mtaa wenyewe, kwenye nyumba ya zamani, na wakati wa kubuku niliulizia cha chini maana ngazi za zile nyumba zimesimama wima kweli, hata kijana anazipanda ameshika ukuta.

Zile nyumba sasa. Kwa mbele unaona mlango na madirisha mawili basi, ukiingia ndani nyumba inaenda tu haiishi, na katikati kuna uwazi usio na paa ambapo jua na mvua vinaingia moja kwa moja. Waongoza watalii wanasema enzi za Waholanzi kodi ilipimwa kwa upana wa mbele ndo maana watu wakajenga kwenda nyuma. Huu mji umepita mikono mingi aisee, Wareno waliuteka 1511, ni hao hao walioipiga Kilwa 1505, Waholanzi wakawatoa 1641, Mwingereza akaja kuuchukua 1824. Wachina wao walikuwa wanafanya biashara pale muda wote huo, wengine wakaoa wenyeji, na uzao wao ndo hawa wanaitwa Baba na Nyonya, wanaume Baba wanawake Nyonya, wana Kimalei chao cha kuchanganya na Kichina, wanawake wanavaa sarong na kebaya, yaani kitambaa cha kujifunga kiunoni na blauzi, na mapishi yao yamejaa tui la nazi na pilipili.

Sehemu za mbele ya nyumba zimeezekwa kama baraza ndefu inayounganika duka kwa duka, kwa hiyo kivuli kipo mwanzo mwisho. Shida ni kwamba kila mwenye nyumba kajenga sakafu yake kwa kimo chake, unapanda unashuka unapanda, na pengine pikipiki imeegeshwa hapo hapo. Kwa bi mkubwa tulikuwa tunatembea barabarani upande wenye kivuli, tukifika kiti tunakaa, hakuna haraka. Kwa mwendo huo huo wa kukaa kaa tulimaliza asubuhi nzima bila yeye kulalamika goti.

Watu wengi wanaishia Jonker wanapiga picha wanaondoka, ila utamu wenyewe uko mtaa wa nyuma yake, Jalan Tukang Emas inayoendelea mpaka Jalan Tokong. Hapo kwa mwendo wa dakika chache tu kuna hekalu la Kihindu la 1781, msikiti wa Kampung Kling ambao ulianza 1748, halafu hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng la tangu karne ya 17, vyote vinatumika mpaka leo. Msikiti hauna kuba, paa lake limepandana ngazi tatu kama piramidi na mnara umejengwa kama pagoda ya Kichina, ndani kuna nguzo za Kizungu na vigae vya rangi. Mchana nikaswali Ijumaa hapo hapo.

Cheng Hoon Teng ndo ilimkamata bi mkubwa. Nilimuomba mlinzi ruhusa bi mkubwa akae kwenye benchi la uani, akakubali vizuri tu, watu wanapita na udi wao wanainamisha vichwa, sisi tumekaa kimya. Ukiangalia juu ya paa kuna majoka, ndege na maua, na ukisogea karibu unaona kila gamba la joka na kila unyoya wa ndege ni kipande cha bakuli kilichokatwa na kubandikwa kimoja kimoja, bluu, kijani, njano. Bi mkubwa akaangalia weee, akaniambia, "Mwanangu, hivi si vyombo kama vya makaburini kwetu?" Yeye kakulia Kunduchi, na kwa wasiofahamu, yale makaburi ya zamani ya Kunduchi yana nguzo zilizopachikwa sahani na mabakuli ya Kichina, mengi yameshang'olewa yamebaki mashimo. Nikamwambia ndiyo mama, vile vyombo vilitoka Uchina, na Melaka ilikuwa kituo kikubwa kwenye njia hiyo ya bahari, hata merikebu za Zheng He, yule amiri wa majeshi ya majini ya Uchina, zilikuwa zinatua hapa zikienda mpaka Malindi, na twiga wa Malindi alifikishwa Uchina 1415. Akasema, "Kumbe sie tumejuana nao zamani hivyo," na akataka tukae tena kidogo. Mimi binafsi nimesoma hii historia darasani lakini sikuwahi kuihisi kama pale.

Jirani na hekalu kuna maduka ya vitu vya karatasi vya kuchomea marehemu, mashati, viatu, saa, mpaka simu. Mama mwenye duka alituelezea kwa Kiingereza cha taratibu kwamba wanawatumia wazazi wao waliotangulia. Bi mkubwa alimsikiliza kwa heshima zote, akamshika mkono, akamuombea kwa Kiswahili.

Msosi kuweni makini wenzangu Waislamu. Kuandikwa hapauzwi nguruwe haimaanishi ni halali, tafuta alama ya JAKIM yenyewe, idara ya serikali ya Malaysia inayothibitisha halali, na ule wali wa madonge na kuku ambao ndo maarufu pale, migahawa mingi inayouuza haina hiyo alama. Sisi tulikula kwa mamak, Wahindi Waislamu, roti canai, ni kama chapati, na chai ya kuvuta, halafu cendol, barafu iliyosagwa na tui la nazi na sukari ya mnazi wa Melaka, kwa lile joto ni dawa kabisa.

Jioni mvua ilishuka tukalala kidogo, ikikata tukatoka. Magari yanazuiwa Jonker yote, mabanda pande zote mbili, na mwisho wa mtaa kuna jukwaa ambapo wazee wa Kichina wanapanda kuimba karaoke nyimbo za ujana wao, bi mkubwa hapo nilishindwa kumtoa, anapiga makofi na wenzake wala lugha hawaelewani. Kurudi tulipanda baiskeli ya miguu mitatu yenye mataa na mziki mnene, mkubaliane bei kabla hujakaa.

Tiketi ya kurudi Kuala Lumpur kata mapema hasa kama ni Jumapili jioni, basi zinajaa haraka sana na foleni ya barabarani inaweza kuongeza masaa, sisi tuliondoka Jumapili asubuhi baada ya chai na barabara ilikuwa nyeupe.