Siku moja maishani mwangu: ticha wa Kiingereza, Muscat, Oman

Saa 11 alfajiri nishaamka, naswali, nakunywa chai, saa 1 niko barabarani. Leo Jumapili, huku ndo wiki inaanza, wikendi ni Ijumaa na Jumamosi.

Saa 2 darasani. Hawa wa mwaka wa msingi chuoni, wanasoma Kiingereza kwanza ndo waingie kwenye kozi zao. Wasichana wamekaa upande wao, wavulana upande wao, hakuna aliyewapanga. Kitabu kinataka wawili wawili waulizane majina ya mama na dada zao, hilo zoezi nishaliacha zamani, vijana wengi huku hawapendi kumtaja mama kwa jina mbele za watu na mimi mtoto wa Unguja naelewa heshima hiyo, kwahiyo tunaulizana habari za mpira na vyakula, na wanaongea mpaka nawanyamazisha.

Saa 4 tukaingia kwenye sauti ya p. Kiarabu hakina p, kwahiyo pen inakuwa ben, people inakuwa beople. Nashika kipande cha tishu mbele ya mdomo, nikisema pen kinaruka, nikisema ben kinatulia tuli. Hapo nikakosea. Nikamsimamisha kijana mmoja wa mji wa Sur peke yake, tishu ikagoma kuruka, wenzake wakacheka, akakaa na hakufungua mdomo tena. Iliniuma sana, maana kumsahihisha mtu mzima mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima, nalijua hilo miaka yote na bado nimelifanya.

Saa 6 baada ya sala ya adhuhuri namkuta yule kijana wa Sur nje na birika la kahawa na tende. Akanimiminia kwa mkono wa kulia, kidogo tu chini ya kikombe, kama desturi yao, ukitosheka unakitikisa. Kahawa ikaniunguza kidole. Akasema, "Pole, ticha."

Pole! Nikamuuliza umeijulia wapi, akasema bibi yake kazaliwa Pemba, nyumbani wanaongea Kiswahili, na Pemba yenyewe kaitamka safi kabisa. Nikatoa tishu mfukoni. Sema pole. Ikaruka. Sema Pemba. Ikaruka. Haya, sema pen. Ikaruka mpaka ikaangukia kwenye tende, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

Saa 10 nasahihisha insha, herufi kubwa hamna kwasababu Kiarabu hakina, sentensi zimeungwa na and mwanzo mwisho kama neno lao la Kiarabu "wa", yaani "na". Kesho nabeba boksi zima la tishu, tutapuliza darasa zima kwa pamoja.