Mbili mara tatu ilivyoniumbua

Kwenye semina tuliambiwa tatizo letu manesi ni sura: tabasamu, mtazame mgonjwa machoni, sema polepole, umalizie kwa kumuuliza kama ameelewa. Nikatii yote. Wiki ile ile bibi mmoja akanikatiza, "Mjukuu wangu, mimi naumwa mguu, masikio yangu mazima."

Lakini aliyeniumbua hasa ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuja na kifua, akaandikiwa amoksilini za miligramu 250, zile za rangi mbili, kwa siku 5. Kwenye bahasha nikaandika 2x3 kama tulivyozoea. "Mwalimu, hizi ni mbili mara tatu. Umeelewa?" Akanitazama kama mwanafunzi mtoro. "Nimeelewa."

Siku ya 6 huyo hapo, kifua bado, tumbo linamwendesha. Nikajua tu kaacha dozi njiani. Nikamuuliza vimebaki vingapi.

"Hakuna hata kimoja. Siku tano, vidonge thelathini. Hesabu imekubali."

Na kweli imekubali! Mzee alikuwa akimeza sita kila asubuhi kwa mkupuo mmoja, badala ya viwili asubuhi, viwili mchana na viwili usiku, maana mbili mara tatu ni sita, na aliyemwambia hivyo ni mimi. Nilienda kucheka stoo. Kicheko hakikudumu.

Tangu siku hiyo simuulizi mtu kama ameelewa. Ni sawa na kumuuliza mgeni kama ameshiba, atasema ndiyo hata kama tumbo linanguruma. Sasa lawama najitwika mwenyewe: "Mama, mdomo wangu huu hukimbia. Hebu niambie ukifika nyumbani utamezaje, isije ikawa kuna kitu nimeruka." Hapo ndipo utasikia mambo: huyu atagawana na mumewe anayekohoa pia, yule kafunga, kwa hiyo dozi zote tatu za siku zitasubiri futari. Wenzangu walinitisha kwamba foleni itafika barabarani. Haijafika.

Bahasha nazo nachora: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kalamu nyekundu nimenunua kwa hela yangu, sijui mia tano, sijui mia sita.

Mwalimu alipimwa upya, akapewa dawa nyingine. Akavaa miwani, akaikagua bahasha yangu pande zote.

"Hesabu sasa sawa," akasema. "Ila mwezi wako huu ni ndizi."