Umeme ukikatika, sebule haifuriki tena

Chini ya tangi langu la matumbawe kuna tangi dogo, limefichwa kabatini, lenye pampu inayorudisha maji juu. Kila umeme ulipokatika, na hapa Mombasa hukatika, maji ya chumvi yalimwagika hadi kwenye zulia. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha linafyonza maji ya juu na kuyashusha mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo wa bomba langu ulizama sentimita 15 nzima.

Nilishauriwa nifunge vali ya kuzuia maji yasirudi. Siiamini: chokaa huigandisha, ikakwama siku unapoihitaji. Nikapandisha mdomo wa bomba hadi karibu na uso wa maji, kisha nikalitoboa bomba hilo tundu la milimita 6 chini kidogo ya usawa wa maji, likielekea chini ili lisirushe maji nje. Maji yakishuka kidogo tu, hewa inaingia na bomba linaacha kufyonza. Tangi la chini nikalipunguza maji, nikachomoa pampu makusudi: maji yalipanda, yakasimama vidole vinne chini ya ukingo.

Tundu huzibwa na mwani, na konokono nao hupenda kujibanza hapo, kwa hiyo nalizibua kwa kijiti cha meno kila ninaposafisha kioo.