Kuku watano waangue siku moja

Kuchi ni aina ya kuku wa kienyeji wanaofugwa kwa umbo, si kwa mayai. Hutaga machache, kwa hiyo kila yai lina thamani. Jogoo mmoja kwa mitetea minane anatosha. Majogoo wawili banda moja watapigana mpaka mmoja apofuke.

Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, usimpe mayai ya uzazi. Mwekee mawili ya kuzuga, hata ya kuku wa kisasa, akae nayo akisubiri wenzake. Wakifika wanne au watano, ondoa ya kuzuga na uwape wote mayai halisi jioni moja, 10 hadi 12 kila mmoja. Yachague yasiyozidi siku 7, yaliyohifadhiwa kivulini ncha nyembamba ikiwa chini. Usiyaoshe kabisa, maana maji hufungulia vijidudu njia ya kupenya ganda. Kabla mtetea hajalalia mayai, mpulizie dawa ya utitiri kwenye manyoya na kiota. Akiwashwa usiku huyahama mayai, nayo yakipoa muda mrefu ndiyo basi.

Siku ya 7 mulika kwa tochi ya simu gizani. Lenye mishipa kama utando wa buibui ni hai, jeupe kabisa halina kitu. Siku ya 21 wanaangua pamoja, na makoo mmoja anabebeshwa vifaranga wa wawili. Wenzake wanarudi kutaga mapema.

Na mdondo (kideri, ugonjwa wa Newcastle)? Chanjo ya I-2, tone moja jichoni, rudia kila miezi 3. Kuku akishaugua, chanjo haimsaidii.